Fanani Bila Bando: Uhakiki wa Zana za Mitandao ya Kijamii na Thamani ya Muda katika Arua na Koboko, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki zana nne za mitandao ya kijamii, yaani X, Facebook, TikTok na WhatsApp, kama majukwaa ya usemi wa Kiswahili na lugha jirani zake katika miji ya Arua na Koboko, eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba idadi ya watumiaji haitoshi kuamua zana ipi inastahili muda wa mwalimu, mwandishi au mwanaharakati wa lugha. Kwa kutumia vipengele vya tukio la fasihi simulizi vilivyoainishwa na Mulokozi (1989), makala yanapima kila zana kwa uhusiano inaoujenga kati ya fanani na hadhira, kwa gharama yake, na kwa uwezo wake wa kuhifadhi kilichosemwa. Inabainishwa kwamba ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ukishirikiana na redio, ndio unaokaribia zaidi mazingira ya usemi ya eneo hilo. Lakini pia kwamba zana hiyo hiyo ina udhaifu mkubwa usiopaswa kufunikwa kwa sifa.

Maneno muhimu: fanani, hadhira, mitandao ya kijamii, ujumbe wa sauti, Kiswahili, West Nile

1.0 Utangulizi

Katika makongamano ya Kiswahili ya miaka ya karibuni, mitandao ya kijamii imezungumziwa kwa namna mbili. Wapo wanaoisifu kuwa shamba jipya la lugha, ambamo kila mwenye simu ni mwandishi na mchapishaji. Wapo pia wanaoilaumu kwa kuchafua tahajia na sarufi. Makundi haya yanatofautiana kwa hukumu, lakini yanafanana kwa kosa moja: yote huichukulia mitandao kuwa kitu kimoja. Kutokana na kosa hilo, ushauri unaotolewa kwa walimu na vyama vya Kiswahili huwa wa jumla mno. Huambiwa wafungue kurasa kila jukwaa, wachapishe kila siku, na wahesabu wafuasi.

Ushauri huo umebeba dhana tatu zisizotamkwa: kwamba umeme upo, kwamba bando haliishi, na kwamba hadhira inasoma lugha moja. Katika Arua na Koboko dhana zote tatu zinayumba. Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, iko karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Koboko, takribani kilomita 55 kaskazini mwake na wilaya inayojitegemea tangu 2005, iko kwenye pembe ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Mfanyabiashara anayepita kati ya Ariwara, Arua, Koboko na Kaya anaweza kutumia Kilugbara, Kilingala, Kiswahili, Kikakwa, Kiarabu cha Juba na Kiingereza katika safari moja. Kwa upande wa umeme, eneo hili lilikaa nje ya gridi ya taifa kwa miongo mingi, likitegemea majenereta na, tangu 2012, kituo kidogo cha maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5. Gridi ya taifa iliunganishwa mwaka 2024 tu.

Ndani ya mazingira haya, swali la matumizi ya zana linapaswa kuulizwa upya. Achukuliwe mwalimu wa Kiswahili wa Koboko, wa kubuni lakini si wa ajabu, mwenye simu moja, bando dogo na saa moja ya jioni. Saa hiyo aiweke wapi? Swali linaonekana dogo, ila uzito wake unatokana na wajibu aliopewa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 uliingiza Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia pendekezo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Maazimio hayo yalifanywa Kampala na Arusha, lakini utekelezaji wake unaangukia mabega ya mwalimu huyo. Saa yake ikipotea, azimio limepotea pamoja nayo.

2.0 Kipimo cha Uhakiki

Uhakiki unahitaji kipimo kilichotoka ndani ya jambo linalohakikiwa. Idadi ya wafuasi na ya alama za kupenda ni kipimo cha mwenye jukwaa, kwa kuwa yeye huuza usikivu wa watu kwa watangazaji. Si kipimo cha fanani. Mapokeo ya uhakiki wa Afrika Mashariki yana kipimo bora zaidi, tena kilichokuwapo kabla ya simu za mkononi.

Uganda yenyewe ilikuwa mojawapo ya chimbuko la kipimo hicho. Pio Zirimu, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, ndiye aliyebuni istilahi iliyounganisha usemi na fasihi katika neno moja, ili kuondoa mgongano wa kuita "maandishi" kitu ambacho hakijaandikwa. Pamoja na Austin Bukenya, alisisitiza kwamba usemi ni stadi na ni nyenzo ya maendeleo, wala si hatua duni inayosubiri maandishi yaje kuikomboa. Kwa upande wa Kiswahili, Mulokozi (1989) aliitazama fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kipengele kimoja kikiondolewa, tukio hubadilika asili yake.

Kutokana na mapokeo hayo, makala haya yanauliza maswali manne kwa kila zana. Kwanza, je, fanani anaijua hadhira yake, na hadhira inaweza kumjibu kwa lugha yake? Pili, je, gharama ya kusema na ya kusikiliza inabebeka kwa pande zote mbili? Tatu, je, zana inalinda muktadha wa kilichosemwa, au inaung'oa? Nne, je, kilichosemwa kinaweza kupatikana tena baada ya mwaka mmoja? Zana inayojibu vyema maswali haya inastahili muda hata kama watumiaji wake ni wachache. Isiyoyajibu haistahili hata ikiwa na mamilioni.

3.0 Muda Unaonunuliwa: Kodi ya Mlango na Kodi ya Uzito

Si ajabu kwamba katika Kiswahili cha simu neno "muda" lilipata maana ya kitu kinachonunuliwa: mtu hununua muda wa maongezi kama anavyonunua chumvi. Nchini Uganda maana hiyo imekaziwa na sheria za kodi, na historia yake ya karibuni inaeleza mengi kuhusu tabia za watumiaji.

Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, ikiwamo WhatsApp, Facebook na Twitter. Kwa aliyelipa kila siku, jumla ya mwaka ilikuwa shilingi 73,000, kabla ya gharama ya bando lenyewe. Kodi hiyo inaweza kuitwa kodi ya mlango: ukishalipa, zana zote ziko wazi kwako kwa bei ile ile, na hakuna sababu ya kiuchumi ya kuchagua mojawapo. Wengi waliikwepa kwa kutumia VPN, wengine waliacha kuingia kila siku. Julai 2021 kodi ya mlango iliondolewa na badala yake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Hii ni kodi ya uzito. Kila kitu sasa kinatozwa kwa kadiri ya megabaiti kinazokula.

Badiliko hili halijapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa mitandao. Chini ya kodi ya mlango, picha ya video na mstari wa maandishi vilikuwa sawa mbele ya mtoza kodi. Chini ya kodi ya uzito, dakika moja ya sauti hula sehemu ndogo tu ya megabaiti, ilhali dakika moja ya video hula megabaiti kadhaa. Kwa hiyo kila anayechapisha video anaiomba hadhira yake ilipe zaidi ili imtazame, na ilipe kodi juu ya malipo hayo. Fanani wa jadi hakuwatoza wasikilizaji wake nauli ya kuja ukumbini. Fanani wa kisasa anawatoza, hata asipojua. Uchaguzi wa fani, yaani sauti, maandishi au video, umekuwa pia uchaguzi wa nani ataweza kuhudhuria.

4.0 Uhakiki wa Zana

4.1 X na hadhira ya mbali

Tukio lililoifanya Arua ijulikane zaidi mtandaoni lilitokea tarehe 13 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kampeni za uchaguzi mdogo wa Manispaa ya Arua, uliofanyika baada ya mbunge wake, Ibrahim Abiriga, kuuawa kwa kupigwa risasi mwezi Juni. Jioni ya siku hiyo Yasin Kawuma, dereva wa mbunge na mwanamuziki Robert Kyagulanyi, maarufu kwa jina la Bobi Wine, aliuawa kwa risasi. Kyagulanyi aliweka habari hiyo na picha ya marehemu kwenye Twitter, jina la X wakati huo. Muda mfupi baadaye alikamatwa, na wito wa kutaka aachiliwe ukaenea katika mabara kadhaa.

Kwa kipimo cha makala haya, chapisho hilo lilikuwa tendo la kisanaa na la kisiasa lililotumia zana yake barabara. Fanani alikuwa na hadhira ya mbali anayoihitaji: waandishi wa habari, mabunge ya kigeni, Waganda wa ughaibuni. Alikuwa na jambo lisiloweza kusubiri asubuhi. Fani yake, sentensi chache na picha moja, ilifaa zana inayosafirisha vitu vifupi haraka. Hapo X ilistahili kila dakika.

Lakini tukio hilo hilo linaonyesha mpaka wa zana. Hadhira iliyohutubiwa haikuwa ya Arua, na lugha iliyotumika ilikuwa Kiingereza. Siku mbili baadaye, tarehe 15 Agosti, wapiga kura wa Arua walimchagua Kassiano Wadri, ambaye wakati huo alikuwa kizuizini. Uamuzi wao uliandaliwa na mikutano ya hadhara, redio, misikiti, makanisa, vijiwe vya boda boda na mazungumzo ya sokoni. X iliifanya Arua kuwa jukwaa la kutazamwa na walio mbali. Haikuwa ukumbi ambamo watu wa Arua walizungumza wao kwa wao. Mwanaharakati wa Kiswahili anayetaka kuwafikia wanafunzi wa Koboko kupitia X anafanana na mtu anayepiga ngoma Arua ili isikike Nairobi: itasikika huko, lakini watoto wa jirani watakuwa wamelala.

4.2 Facebook na nyumba iliyofungwa

Kwa miaka mingi Facebook ilikuwa ndiyo intaneti yenyewe kwa Waganda wengi. Shule, vyama, wasanii na radio zilijenga kurasa humo. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 14, kampuni hiyo ilifunga akaunti zilizohusishwa na kitengo cha serikali. Serikali nayo ikaamuru mitandao ya kijamii izimwe, na kisha intaneti yote ikakatwa. Intaneti iliporejea na mitandao mingine kufunguliwa, Facebook iliachwa imefungwa, na kwa miaka iliyofuata imefikiwa kwa njia ya VPN.

Funzo la tukio hili si la kisiasa pekee. Ni funzo la uhifadhi. Waliokuwa wameweka picha za harusi, mashairi, matangazo ya vikundi na mijadala ya lugha kwenye kurasa zao walijikuta wameweka mali katika nyumba yenye wenye funguo wawili, nao wenyewe hawamo. Kampuni ilikuwa na ufunguo mmoja, dola ilikuwa na wa pili. VPN hufungua dirisha, lakini hutumia bando zaidi, huchosha simu za bei nafuu, na humweka msomaji katika hali ya kujificha ili asome jambo la halali. Hadhira inayosoma kwa kujificha haiwi hadhira ya darasa.

Inaweza kudaiwa kwamba wapo wengi wanaoendelea kuitumia. Dai hilo ni la kweli, na linathibitisha ukaidi wa kupongezwa wa watumiaji. Hata hivyo, wingi huo haujibu swali la nne la kipimo. Jukwaa lililowahi kufungwa kwa amri moja haliwezi kuwa ghala ya mradi wa lugha. Linaweza kuwa kibao cha matangazo tu.

4.3 TikTok na mwili wa fanani

TikTok inastahili kuhakikiwa bila dharau ambayo wasomi huielekeza kwake. Kati ya zana zote nne, hiyo ndiyo inayorudisha kitu ambacho maandishi yalikinyang'anya fasihi simulizi: mwili wa fanani. Mpigaji wa adungu, mchezaji wa ngoma, mwigaji wa sauti za wakubwa na mchekeshaji wa sokoni hawawezi kuelezwa kwa maneno matupu, na West Nile ina utajiri mkubwa wa sanaa hizo. Kijana anayechekesha kwa kuchanganya Kiswahili na Kilugbara katika sekunde 30 anafanya kazi ya utani ambayo mtafiti wa fasihi simulizi angeitafuta kwa kinasa sauti.

Udhaifu wa TikTok uko katika kipengele cha hadhira. Anayechagua watazamaji ni mfumo wa kampuni, ambao humpa kila mtu kile kinachodhaniwa kitamshika asiondoke. Fanani hajui kama kazi yake itaonwa na jirani wa Koboko au na mgeni wa Kuala Lumpur. Kwa sababu hiyo huanza polepole kusema kile kinachoeleweka na kila mtu, yaani kisicho cha mtu yeyote. Utani unaotegemea jina la kijiji, methali ya Kikakwa au lafudhi ya upande wa pili wa mpaka hupungua, na miondoko inayoigwa duniani kote huongezeka. Ukijumlisha uzito wa video chini ya kodi ya data, inaonekana kwamba TikTok inastahili muda wa msanii anayetaka kujulikana, na inastahili macho ya mtafiti. Haimfai mwalimu mwenye saa moja.

4.4 WhatsApp na kurudi kwa sauti

WhatsApp iliongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013. Katika maelezo mengi ya teknolojia hilo lilikuwa jambo dogo la urahisi. Katika West Nile lilikuwa na maana nyingine. Kilugbara na Kikakwa ni lugha za toni. Maandishi ya kila siku, hasa yanayopigwa kwa kidole kwenye simu, huiacha toni nje, na msomaji hulazimika kukisia. Ujumbe wa sauti huibeba toni ilivyo. Vilevile humbeba bibi asiyesoma, mfanyabiashara ambaye alisoma kwa Kifaransa upande wa Kongo, na mkimbizi wa Sudan Kusini aliyejifunza Kiarabu cha Juba kwa masikio tu.

Kundi la WhatsApp la ukoo, la soko au la darasa lina mipaka inayojulikana. Fanani anajua nani yumo. Hadhira hujibu kwa sauti, hukatiza, hucheka, hukosoa, humtaka msemaji arudie. Hiki ndicho Ong (1982) alichokiita usimulizi wa awamu ya pili, lakini kwa tofauti moja muhimu: Ong aliwaza juu ya redio na televisheni, ambako wachache husema na wengi husikiliza. Katika ujumbe wa sauti majibizano yamerudi. Kipengele kilichobaki kimevunjika ni wakati, kwa kuwa msikilizaji anaweza kufungua ujumbe saa nane baadaye, umeme unaporudi au bando linaponunuliwa. Katika eneo ambalo mtandao huja na kuondoka, mvunjiko huo ni faida.

4.5 Redio kama mwenza

Hakuna uhakiki wa zana za West Nile utakaokamilika bila kuitaja redio, ingawa si mtandao wa kijamii kwa tafsiri ya kawaida. Radio Pacis ya Dayosisi Katoliki ya Arua, iliyoanza mwaka 2004, hutangaza kwa lugha kadhaa za eneo pamoja na Kiingereza. Redio haimtozi msikilizaji data wala kodi ya asilimia 12. Kinachobadilika ni kwamba msikilizaji sasa anaweza kuijibu kwa ujumbe wa simu, na jibu lake likarudi hewani. Zana mbili zikifungamana hivi, kila moja hufunika upungufu wa nyingine: redio hutoa upana, WhatsApp hutoa majibizano. Mradi wa Kiswahili unaofikiria simu peke yake unaacha nje sehemu kubwa ya hadhira, hasa wanawake na wazee wasio na simu zao binafsi.

5.0 Kiswahili Kipi Kinachosemwa?

Uhakiki wa zana hauwezi kukwepa swali la lugha. Kiswahili cha West Nile kina historia iliyochanika. Kilitembea na wanajeshi wa enzi ya ukoloni na baada yake, na kilistawi pia miongoni mwa Wanubi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wake ulitoka upande wa Koboko, ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, wakakaa huko kwa miaka, na wengi walirudi na Kilingala, Kiarabu na Kiswahili cha Kongo vinywani mwao. Hivyo lugha ambayo kusini mwa nchi ilihusishwa na bunduki, hapa ilikuwa pia lugha ya uhamisho, ya biashara na ya kuokoa maisha. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili hayakuifuta historia hiyo.

Mzungumzaji wa Kiswahili hiki anapotakiwa kuandika, aibu humjia kwanza. Anajua kwamba upatanisho wake wa ngeli si wa kitabuni. Katika ukurasa wa wazi, ambako msomaji wa Dar es Salaam au Zanzibar anaweza kumcheka, atanyamaza au atahamia Kiingereza. Katika ujumbe wa sauti, ndani ya kundi dogo, atasema. Kwa maana hiyo uchaguzi wa zana ni uchaguzi wa nani atathubutu kukitumia Kiswahili. Anayechagua jukwaa la wazi la maandishi kwa nia njema ya "kukuza Kiswahili sanifu" anaweza kuwa anawafukuza wazungumzaji anaowatafuta.

Hata hivyo, hoja hii isivutwe kupita kiasi. Mwanafunzi wa Koboko atafanya mtihani wa maandishi. Ujumbe wa sauti unampa ujasiri na masikio, haumpi tahajia. Mwalimu mwenye busara atautumia kama daraja: mwanafunzi aseme kwanza, kisha wenzake waandike alichosema, kisha wajadili tofauti kati ya alivyosema na kitabu kinavyosema. Kazi ya namna hiyo hula bando kidogo, na humfanya mwanafunzi aone kwamba Kiswahili cha mama yake sokoni si kosa, bali ni lahaja yenye kanuni zake.

6.0 Udhaifu wa Zana Iliyosifiwa

Uhakiki unaosifu tu si uhakiki. WhatsApp ina dosari tatu nzito kwa kipimo kile kile.

Dosari ya kwanza ni kung'olewa kwa fanani. Ujumbe wa sauti unaosambazwa kutoka kundi hadi kundi hupoteza jina la msemaji, mahali na siku. Sauti yenye hofu iliyorekodiwa kwingine, mwaka mwingine, hufika mpakani ikisikika kama habari ya asubuhi hiyo. Katika eneo linalowahifadhi wakimbizi wengi wa Sudan Kusini na Kongo, katika makazi kama Rhino Camp, Imvepi na Lobule, sauti isiyo na mwenyewe inaweza kuzua uadui kati ya majirani. Kampuni ilipunguza usambazaji hadi mazungumzo matano mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikaubana zaidi kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi. Hatua hizo hupunguza kasi. Hazimrudishi fanani. Fasihi simulizi ya jadi ilikuwa na kinga yake: msimulizi alitambulika, na uongo ulimgharimu heshima. Kundi linalotaka kulinda kinga hiyo halina budi kujiwekea kanuni kwamba sauti isiyo na jina, mahali na tarehe haisikilizwi.

Dosari ya pili ni ufinyu. Mipaka ya kundi inayompa msemaji ujasiri ndiyo hiyo hiyo inayowafungia nje wasiojulikana na wenye kundi. Anayeondolewa na kiongozi wa kundi hana pa kukata rufaa. Katika makundi mengi ya mchanganyiko wanawake husikiliza kuliko wanavyosema, kama ilivyo katika mikutano ya ana kwa ana. Zana haikulisababisha jambo hili, lakini pia haijalitibu.

Dosari ya tatu, na ndiyo kubwa kwa mtaalamu wa lugha, ni upotevu. Simu ikijaa, sauti hufutwa. Simu ikiibwa au kuharibika, hadithi za mwaka mzima huondoka nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kauli hiyo haijawahi kuwa ya kweli zaidi. Pengine hakuna kipindi katika historia ya West Nile ambapo usemi mwingi kiasi hiki umerekodiwa na watu wenyewe, kwa lugha zao wenyewe. Na hakuna kipindi ambapo mwingi kiasi hiki umefutwa ili kupisha picha. Arua ina chuo kikuu cha umma, Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013 kikiwa na mwelekeo wa sayansi na teknolojia. Kazi ya kuhifadhi sauti hizo, kwa ridhaa ya wasemaji na pamoja na majina, mahali na tarehe, inafaa taasisi ya namna hiyo zaidi kuliko kampuni yoyote ya ng'ambo. Haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji diski chache, kanuni ya faragha, na watu wawili watatu wanaojua Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba zana ya mtandao hupimwa kwa tukio la usemi inaloliwezesha. Kwa kipimo hicho, X inafaa pale tu hadhira inayotakiwa iko mbali na jambo ni la dharura, kama ilivyodhihirika Agosti 2018. Facebook, baada ya Januari 2021, haifai kuwa ghala ya kitu chochote ambacho mwenyewe hataki kukipoteza. TikTok ni ukumbi wa msanii wa mwili, wenye kiingilio kikubwa kwa mtazamaji maskini. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ukiambatana na redio, ndio unaokaribia zaidi fanani na hadhira wa West Nile, kwa sharti kwamba sauti ziwe na wenyewe na ziwe na pa kuhifadhiwa.

Mtaka yote hukosa yote. Mwalimu wa Koboko hahitaji kurasa nne, bali kundi moja lenye kanuni, kipindi kimoja cha redio kwa wiki, na daftari. Akiitumia saa yake ya jioni kusikiliza sauti tano za wanafunzi na kuzijibu moja baada ya nyingine, hakuna takwimu ya kampuni yoyote itakayomhesabu kuwa mtu mwenye ushawishi. Lakini wanafunzi watano watakuwa wamesema Kiswahili, mtu atakuwa amewasikia, na kesho yake watakuwa na sababu ya kusema tena.